Bahasha ya Kumi na Saba

Ujumbe ulimkuta Pindo kwenye cherehani, sketi ya shule imeshonwa upande mmoja, upande wa pili bado unaning'inia. "Nimevimba midomo. Niko kliniki na Mama. Usinicheke." Aliusoma mara mbili. Mara ya kwanza alitabasamu, maana Brashi alikuwa mtu wa kutafuta utani hata pale ambapo utani hauna pa kukaa. Mara ya pili tabasamu likamkauka, kwa sababu macho yake yaliangukia meza ya kukatia vitambaa, akakumbuka alichokifanya juu ya meza hiyo siku tisa zilizopita.

Alizima pasi, akachomoa waya ukutani, akafunga duka. Alipofika kwenye kona alirudi, akafungua, akaigusa pasi kwa kiganja, akafunga tena. Wateja walizoea kumcheka kwa tabia hiyo. Hawakujua kwamba tangu akiwa na miaka kumi na miwili, kila anapokaribia kuanguka, husikia kwanza harufu ya nguo inayoungua. Akiisikia ana muda wa kuhesabu mpaka kumi, pengine kumi na tano, kisha dunia inazimika. Kwa hiyo ilikuwa lazima ajue saa zote kama pasi imezimwa, ili ajue kama harufu ni ya dukani au ni ya kichwani mwake.

Njia nzima alijipa maelezo. Ni mdudu amemuuma. Ni rangi zile anazochanganya bila kuvaa glovu. Alitembea haraka mpaka kifua kikambana, na maelezo yote yakamwishia kabla hajafika getini.

Wote wawili walikuwa na kifafa, na ni kifafa hicho kilichowakutanisha. Miezi mitatu nyuma, watu sitini walikubali kujaribu dawa mpya katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye kuta za kijani na feni inayolalamika. Kila mmoja alipewa namba, chupa nyeupe, na daftari la kuandika kila anapoanguka. Walielezwa bila kufichwa kwamba nusu yao watameza dawa na nusu watameza unga uliogandishwa ukafanana na dawa, hata mstari wa katikati. Nani anameza nini hakuna aliyejua, si wao, si daktari. Majibu yalikaa kabatini ndani ya bahasha zilizofungwa kwa gundi, moja kwa kila namba, na hazifunguliwi mpaka maisha ya mtu yawe hatarini. Pindo alikuwa namba nne. Kijana aliyeketi pembeni yake kwenye benchi alikuwa kumi na saba.

"Kaka, pindo la suruali yako limeachia," alimwambia siku ile, kwa mazoea ya kazi yake tu.

"Basi lishone, Dada Pindo, kabla sijaachia na mimi," akajibiwa. Jina likamganda, na yule kijana akamganda pia.

Alikuwa mchora mabango, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Brashi. Aliandika majina ya maduka kwa herufi zenye kivuli, na hata alipoandika namba ya simu kwenye karatasi ya kutupwa, herufi zake zilisimama wima zikajivuna. Katika wiki nane dozi ilipanda polepole kwa wote, kidonge kimoja, kisha viwili, mpaka vinne kwa siku. Pindo akaacha kuanguka. Siku kumi, ishirini, hamsini. Alianza kulala chali, jambo ambalo alikuwa hajathubutu tangu utotoni. Brashi yeye aliendelea kuanguka kama kawaida, na siku moja alianguka akiwa juu ya ngazi, mbele ya duka la dawa. Bango lile lilibaki vile alivyoliacha, DUKA LA DA, na kila Pindo alipopita pale alihisi kama ameona damu.

Halafu kulikuwa na mama yake Brashi. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata aliokuwa hajawafundisha. Brashi alipompeleka Pindo nyumbani kumtambulisha, Mwalimu alimpokea kwa adabu, akampa kiti kizuri, akauliza swali moja. Wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja, mmoja akianguka, nani atamshika? Na wakianguka pamoja? Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa swali la mtu aliyemshika mtoto wake kwa miaka thelathini na moja.

Ndipo ikaja ile siku. Walikuwa wamechukua chupa zao za mwezi asubuhi moja, na Brashi akaacha koti dukani lishonwe bitana, chupa yake imo mfukoni. Pindo alimwaga vidonge vyake upande wa kushoto wa meza na vya Brashi upande wa kulia, vyeupe vyote, idadi ileile. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akavirudisha, vya kushoto kwenye chupa ya kumi na saba, vya kulia kwenye chupa ya nne. Alifurahi, na Brashi alipolifuata koti akamwekea begani. Alijiambia kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kumpa mwanamume zawadi kubwa kuliko hiyo. Hakumwambia, kwa sababu alijua angekataa.

Chumba alimolazwa Brashi kilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Alikaa kitandani, sindano ya dripu mkononi. Midomo ilikuwa imevimba ikapasuka. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu kutwa. Vipele vyekundu vilianzia shingoni vikateremka kifuani, na karibu na sikio ngozi ilikuwa imetunga lengelenge. Kuongea kulimuuma, kwa hiyo alikuwa na daftari dogo na kalamu nene. Aliandika, akalinyanyua. KARIBU. LEO HAKUNA BUSU.

"Umefika," alisema Mwalimu, mkoba magotini, mgongo haujagusa kiti.

"Nimefika, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tangu jana ana homa. Tangu alfajiri ndiyo hivyo unavyomwona."

Daktari wa utafiti aliingia akiwa na bahasha mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na leo hata hayo machache yalimtoka haraka. Alieleza kwamba amepata ruhusa ya kuifungua. Kama Brashi alikuwa anameza dawa yenyewe, basi mwili wake umeikataa, na ngozi inaweza kuanza kubanduka kama ya mtu aliyeungua moto. Katika hali hiyo kila saa ina maana. Kama alikuwa anameza unga, basi wamsake adui mwingine. Akaichana gundi, akasoma, akashusha pumzi.

"Ni unga," alisema. "Tangu mwanzo hajameza dawa yoyote ya kwetu. Basi haya ni maambukizi. Nakwenda kumwagizia sindano."

Akatoka kwenda kupiga simu kwenye korido. Mwalimu alifumba macho, akasema ahsante kwa Mungu wake kwa sauti ya chini. Brashi akaandika, MIEZI MITATU NAMEZA CHAKI, akamgeuzia Pindo karatasi na kujaribu kucheka. Mdomo ukapasuka, damu ikachirizika kidevuni.

Pindo alibaki amesimama kando ya mlango. Aliyaona yote kwa mpigo mmoja. Akisema, atatolewa kwenye utafiti na vile vidonge hatavipata tena, atarudi kulala ubavu akiogopa. Akisema, Mwalimu atakuwa na jibu la swali lake. Akisema, Brashi atamtazama kwa jicho jingine, na jicho hilo Pindo alikuwa hajawahi kuliona na hakutaka kuliona. Na asiposema, watamchoma sindano za ugonjwa asio nao, waendelee kusubiri nafuu huku ngozi ile karibu na sikio ikiachia. Alijua la kufanya, ila mdomo haukufunguka.

Mwalimu alitazama saa yake ya mkononi. "Saa sita kamili," akasema, akafungua mkoba, akatoa chupa nyeupe. Katika miaka yote hakuwahi kumruhusu mwanawe aruke dozi, na hakuona sababu ya kuanza leo. "Daktari amesema ni unga, haumdhuru mtu. Hajasema uache. Fungua mdomo kidogo tu, baba, nitakuwekea."

Vidonge viwili vilitua kwenye kiganja chake. Mkono ukaelekea kwenye mdomo uliovimba.

Pindo hakujua alivyokifikia kitanda. Alijikuta amemkamata Mwalimu kifundo cha mkono, amekibana kwa nguvu zote.

"Asimeze."

"Niachie mkono, binti."

"Mama, asimeze. Hivyo si unga. Hivyo ni vyangu."

Kisha yakamtoka yote, bila mpangilio, koti, bitana, meza, kushoto na kulia. Alisimulia akiwa bado ameshika mkono wa Mwalimu, na alipoinua uso alimwona daktari mlangoni, simu imeshuka ubavuni. Hakukemea. Aliuliza maswali kama mtu anayehesabu hatua kwenye giza. Lini? Siku ngapi? Vingapi kwa siku? Akaenda kabatini, akarudi na bahasha ya nne, akaichana.

"Dawa kamili," alisema, uso umempauka. "Wewe ulipanda ngazi wiki nane, kidato kimoja kimoja, mwili ukazoea. Yeye umemrusha moja kwa moja juu ya paa." Akakunja bahasha zote mbili. "Na mimi karatasi hii ingenidanganya. Ningeiamini, kwa sababu nilikuwa sina sababu ya kutoiamini." Alikuwa ameshageuka kuondoka alipokumbuka. "Na wewe siku tisa hizi umekuwa ukimeza nini?"

"Unga."

"Kaa chini," alisema daktari. "Usisimame mpaka nirudi."

Alimwita Mwalimu wakaweke saini, maana mgonjwa sasa alitakiwa kwenda hospitali kubwa, na gari lilikuwa linaitwa. Mwalimu aliinuka taratibu. Aliviweka vile vidonge viwili mezani kwa uangalifu, kama ushahidi. Pindo alingoja matusi, na angeyapokea.

"Miaka thelathini na moja nimemlea huyu bila kumuua," alisema Mwalimu. "Wewe zimekutosha siku tisa."

Akatoka. Wakabaki wawili. Brashi alikuwa anamtazama, na lile jicho alilokuwa analiogopa Pindo ndilo hilo, liko pale, jekundu, halipepesi.

"Niliona lile bango," alianza Pindo. "Kila siku napita pale. Mimi nalala usingizi, wewe unaanguka. Nisingeweza, Brashi. Nisingeweza kukaa na siku hamsini na tatu peke yangu."

Kalamu ilikwaruza. UNGENIULIZA.

"Ungekataa."

NDIYO. Akaipigia mstari chini, kisha mwingine. Halafu akaanza kuandika tena, na safari hii zile herufi za kujivuna ziliisha, ukaja mwandiko wa kawaida, wa haraka, unaoegemea upande. Alipomaliza alimsukumia daftari. "Hapa walinisomea fomu ya kurasa kumi na moja. Kila ukurasa wakauliza, unakubali? Una haki ya kukataa, unakubali? Watu nisiowajua wameniuliza mara kumi na moja. Wewe unayesema unanipenda hukuniuliza hata mara moja."

Pindo alisoma, machozi yakadondokea wino. Alitaka kusema kwamba ilikuwa mapenzi. Neno hilo aliliacha, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona kwamba linaweza kuwa kweli na bado lisimsaidie kitu. "Nisamehe," alisema. "Hata kama hutaki kuniona tena, nisamehe tu."

Brashi alichukua daftari. Akaandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, kwa ufundi wake wote, na kivuli akakiweka. Akaichana karatasi, akampa mkononi. NAKUOGOPA.

Pindo aliikunja mara mbili. Alihisi baridi, akahisi kwamba hilo ndilo jibu na hakuna la kuongeza, na akainuka aondoke, amesahau alichoambiwa na daktari. Ndipo akaisikia. Nyembamba mwanzoni, kisha nzito, harufu ya kitambaa kinachoungua.

Pasi, aliwaza. Lakini pasi aliigusa kwa kiganja. Waya aliuchomoa. Harufu ikajaa puani, na woga ambao hakuuhisi kwa siku zote zile ukamrudia wote kwa pamoja. Moja, mbili, tatu.

"Brashi," alisema. "Kunaungua."

Alimwona anaelewa. Alimwona anashusha miguu kitandani, dripu inayumba, ule mdomo uliopasuka unafunguka wote kwa nguvu, na sauti ikatoka, ya kwanza kuisikia leo, imechanika.

"Mama!"

Dunia ikazimika.

Iliporudi, ilirudi na harufu ya chaki. Pindo alikuwa sakafuni, amelazwa ubavu wa kushoto, kichwa juu ya kitu laini ambacho baadaye alikitambua kuwa ni sweta ya Mwalimu. Kiganja kigumu kilikuwa kimetulia kwenye paji la uso wake. Mwalimu alikuwa ameketi chini kwenye saruji, na gauni lake la kutokea, miguu imenyooshwa kama ya mtoto, macho kwenye saa.

"Dakika mbili na nusu," alikuwa anamwambia muuguzi. "Imeanzia mkono wa kulia. Ulimi hajaung'ata, nimeangalia." Akagundua kwamba anatazamwa. "Umeamka. Usidhani nimekusamehe. Mikono imezoea tu."

"Ahsante, Mama."

"Nyamaza, upumzike."

Pindo aligeuza macho. Brashi naye alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, chupa ya dripu ameinyanyua juu kwa mkono mmoja, damu kidevuni. Katika kuanguka kiatu kimoja cha Pindo kilikuwa kimechomoka, na Brashi alikuwa amekishika kwa mkono wa pili. Hakumtazama usoni. Alikitazama kiatu, akakipangusa vumbi kwa kidole gumba.

Muuguzi alichuchumaa na daftari la namba nne. Alisema kwa upole kwamba ingawa ametoka kwenye utafiti, anguko hili lazima liandikwe, ndiyo kanuni. Akajaza tarehe, saa, muda. Akafika kwenye mstari wa shahidi. Mwanzoni, alipokuwa bado anaanguka, Pindo aliandika pale jina la muuza vifungo wa duka la jirani. Mwalimu akataja jina lake lote, neno kwa neno, kama anaita mahudhurio.

"Na uhusiano wako na mgonjwa, Mama?"

Nje gari lilisikika likirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mwalimu alimtazama mwanawe, yale malengelenge ambayo sasa yalikuwa mawili, kisha akamtazama huyu aliyelala juu ya sweta yake. Mkono wake bado ulikuwa kwenye paji la uso wa Pindo. Pindo aliuhisi unamkandamiza, akajua kwamba Mwalimu anaogopa kuliko wote.

"Acha wazi hapo," alisema hatimaye. "Usiandike kitu. Mwanangu akipona, nitakuja kujaza mwenyewe."

"Na asipo..." Muuguzi hakumaliza.

"Nimesema acha wazi."

Walikuja vijana wawili na kitanda cha magurudumu. Daktari alisema siku tatu ndizo zitakazoamua, ngozi ikishika imeshika. Alisema kukiri kule kumewapa saa ambazo wangezipoteza, na kwamba hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Wakamnyanyua Brashi, wakamfunika shuka, Mwalimu akashika chupa ya dripu akatembea pembeni, na magurudumu yakalia koridoni mpaka yakanyamaza.

Muuguzi alimsaidia Pindo kukaa kwenye benchi, lilelile la siku ya kwanza, akamwachia maji na daftari. Ilichukua muda kabla hajatambua baridi inayompanda kutoka sakafuni. Alitazama chini ya benchi. Alirudi chumba alimolazwa Brashi kwa kushika ukuta, akainama chini ya kitanda, akainua shuka zilizoachwa. Sweta ya Mwalimu ilikuwepo. Kiatu hakikuwepo.

Brashi alikuwa ameondoka nacho. Pindo alirudi kwenye benchi, akakaa na mguu mmoja peku, daftari limefunguka mapajani kwenye ule mstari mtupu, akaanza kungoja siku ya kwanza kati ya tatu.